Vidonge Tulivyovimwaga Kwenye Beseni Moja

Jumamosi jioni, mwishoni mwa mwezi wa nane, 1983. Ibadakuli, Shinyanga.

Upepo umetulia leo. Wiki nzima ulikuwa unatuletea vumbi la uwanja wa ndege mpaka kwenye uji, tukazoea kutafuna kidogo kabla ya kumeza. Leo nguo zimekauka kwenye kamba na zimebaki nyeupe. Nimekaa kitandani, mgongo ukutani, magoti juu, na nina raha ambayo sikuitegemea.

Leo nimesema mbele ya watu.

Asiyenijua hataona ajabu. Mimi ni yule wa kidato cha tatu ambaye mwalimu akiuliza swali, hata jibu nikiwa nalo, natazama dawati mpaka aulizwe mwingine. Mama anasema nilizaliwa saa ambayo kila mtu alikuwa amelala, nikadhani dunia ndivyo inavyotakiwa kuwa, kimya. Baba yuko kwenye mashimo ya dhahabu Bulyanhulu na akirudi nyumbani huniuliza mambo mawili matatu, namjibu kwa kichwa. Basi kwa mtu kama mimi, leo ni siku ya kuandikwa.

Jambo lenyewe linahusu tumbo. Tumbo la kila mwezi.

Hapa bwenini mtu akiingia siku zake tunasema "mwalimu wa zamu amefika." Kwa wengi mwalimu huyo anapita tu mlangoni, anachungulia, anaondoka. Kwangu anaingia na fimbo. Huanza kiunoni, hushuka kwenye mapaja, halafu tumbo lote linajikaza kama mtu anakamua nguo. Natapika. Siwezi kunyoosha miguu. Mwaka jana nilikosa mtihani wa hesabu kwa sababu hiyo, na mwalimu wa kilimo alinikuta nimekaa katikati ya mistari ya pamba akaniambia mbele ya darasa zima kwamba mimi nimekuja shule kupumzika. Ningemwambia nini, yeye mwanaume, na wenzangu wanasikiliza?

Nyumbani nilimwambia mama. Mama aliendelea kupepeta mahindi.

"Hata mimi nililia hivyo hivyo," akasema. "Ukizaa litaisha."

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nililala nikiwaza kwamba dawa yangu ni mtoto.

Mama Matroni hapa shuleni yeye hucheka na kutoa aspirini, zikiwepo. Mwaka huu mara nyingi hazipo, kama sabuni na sukari zisivyokuwepo. Zisipokuwepo anajaza maji ya moto kwenye chupa ya soda, anaizungushia kipande cha kanga, anakupa uikumbatie. Inasaidia mpaka maji yapoe.

Sasa, kabla ya likizo ya mwezi wa sita, alikuja Daktari Rehema. Ni mwanamke, ndilo jambo la kwanza tulilolishangaa. Anafanya kazi hospitali Mwanza lakini kwao ni upande wa Tanga, na anaongea Kiswahili cha taratibu kama mtu anayemimina chai asiimwage. Alishuka kwenye Landrova akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mkuu wa shule alituita wasichana wote tunaojulikana kwa tumbo, tukakusanyika bwaloni tukiwa tumeinamisha vichwa kama waliokamatwa na kosa.

"Kwetu wanaliita chango," alisema. "Hapa mnaliitaje?"

Dada Kabula, kiranja wa bweni letu aliyetusindikiza, kidato cha nne, mrefu, asiyeogopa mtu, akasema, "Mwalimu wa zamu." Tukacheka wote, na Daktari alipoelezwa alicheka kuliko sisi.

Akatuambia kwamba mji wa mimba hujikaza kama ngumi ili kusukuma damu, na kwamba mwili wenyewe hutengeneza kitu kinachouamuru ujikaze. Kwa wengine kitu hicho ni kidogo. Kwa wengine kinazidi, ndiyo maumivu, ndiyo kutapika. Kuna vidonge vinavyotumiwa na wazee wenye kuumwa viungo, na nchi nyingine wameona vinapunguza kitu hicho. Yeye anataka kujua kama vitatusaidia sisi, wasichana wa huku, tunaokula ugali na kuvuna pamba.

Nilitaka kulia. Si kwa ajili ya vidonge. Ni kwamba kuna kitu. Kipo ndani ya mwili, kinaweza kuwa kingi au kidogo, kina jina kwenye vitabu. Sikuja shule kupumzika.

Halafu akaeleza utafiti wenyewe, na hapo bwalo likachangamka. Nusu yetu tungepata dawa na nusu tungepata vidonge vya unga mtupu, vyeupe vilevile, vya mviringo uleule. Hata yeye asingejua nani kapata kipi. Anayejua ni mfamasia, kule Mwanza.

"Yaani Daktari, wengine mtatudanganya?" Kabula akauliza.

"Na mimi nitadanganywa pamoja nanyi," akajibu. "Sikilizeni. Mtu akipewa kitu na mwenzake anayemjali, maumivu hupungua, hata kama kitu chenyewe ni unga wa muhogo. Hilo ni kweli kabisa, nimeliona. Sasa nataka kujua kama dawa inafanya kazi zaidi ya hapo. Nisipolinganisha na unga sitajua."

Akasema asiyetaka asiingie, na anayetaka amwombe mzazi ruhusa wakati wa likizo. Mama aliweka dole gumba akisema watu wa mjini wana muda mwingi. Lakini aliweka.

Mwezi wa saba tukarudi, kila mmoja akapewa pakiti yake, pamoja na onyo la Daktari kwamba tusiwape watu wa nje.

Naomba nieleze mwezi huo vizuri maana ndio chanzo cha yote. Mwalimu wa zamu alifika Jumanne asubuhi. Nilimeza kidonge, nikakaa kitandani nikisubiri, nimefumba macho kama mtu anayesubiri kofi. Likavuta kidogo. Nikasubiri livute zaidi. Halikuvuta. Nikasubiri tena. Kengele ya shamba ikalia nikaenda nimejikunja kwa mazoea tu, kisha nikajinyoosha katikati ya njia, nikajiona mjinga. Nilivuna pamba mpaka mfuko ukajaa. Mwalimu wa kilimo akaniuliza nimeamkia upande gani. Mchana nilikula ugali wote na nikaomba ukoko.

Kitanda cha jirani na changu analala Holo. Ni mdogo wa umbo, anatoka Ushirombo, anaimba sauti ya kwanza kanisani na ana kicheko cha kuku. Naye alifikiwa wiki hiyo hiyo. Alimeza vyake kama mimi, kwa saa zilezile, akatapika mpaka akabaki kutoa maji ya njano. Siku nzima alikuwa anasema "mayu wane, mayu wane," mama yangu, mama yangu, na mimi nimekaa pembeni yake nimeshiba.

Niliona aibu kushiba.

Sasa ili kuelewa tulichofanya ni lazima ulijue beseni. Bweni letu lina beseni kubwa la enameli, la kijani, limebanduka ukingoni. Chochote kinachotoka nyumbani, karanga, michembe ya viazi vikavu, mahindi ya kukaanga, kinamwagwa humo. Hakuna anayekula chake. Kila mtu anachota sawa na mwenzake, na aliyeleta ndiye anayechota wa mwisho. Sheria hiyo tuliikuta. Ukila peke yako chini ya shuka utaitwa Panya mpaka umalize kidato cha nne, na yupo aliyeitwa hivyo, aliondoka mwaka jana akiwa bado Panya.

Mwanzoni mwa mwezi huu Daktari alikuja kutuuliza mmoja mmoja tulivyoendelea, akaacha pakiti za pili. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Kabula alitoa beseni chini ya kitanda, akalisuuza, akalikausha kwa upande wa kanga yake, akaliweka katikati ya sakafu.

"Waliopona mwezi uliopita, nyosheni mikono."

Tukanyosha. Wengine wakanyosha nusu.

"Waliolia?"

Holo akanyosha, na wengine.

"Basi haiwezekani," Kabula akasema. "Bweni moja, wengine wanaomba ukoko, wengine wanatapika. Tangu lini? Leteni."

Nani angebisha? Kabula mwenyewe haumwi tumbo, hakupewa hata kidonge kimoja, hakuwa na cha kupata. Alikuwa amemsafishia Holo ndoo siku nzima. Na sisi tulikuwa tumelelewa na beseni lile. Aliyekuwa na pakiti akaileta. Vidonge vilianguka kwenye enameli kwa mlio wa mahindi, vyeupe vyote, na Kabula akavikoroga kwa mkono ili pasiwe na upendeleo.

Nilisita. Naandika ukweli. Niliishika pakiti yangu nikawaza kwamba ndani yake kuna ugali, kuna kusimama wima, kuna mtihani wa hesabu. Halafu Holo akanitazama, hakuniomba, alinitazama tu, nikamwaga.

Tukagawana sawa. Waliopona mwezi wa kwanza tulichota wa mwisho, kama vile tumetoka navyo nyumbani.

Ikawaje? Ikawa kama unavyoweza kukisia. Kidonge kimoja kinatuliza, kinachofuata hakifanyi chochote. Asubuhi nimekaa darasani kama binti wa kifalme, mchana nimejikunja chooni. Holo siku moja alicheka kicheko chake cha kuku, kesho yake ndoo. Kila mtu akapona robo na kuumwa robo tatu, na Kabula akaridhika kabisa.

"Angalau hakuna anayelia peke yake," akasema.

Kisha mmoja wetu akauliza tutamwambia nini Daktari, na hapo ndipo ilipopita sauti ya kwanza ya wasiwasi. Vidonge vya serikali vimechanganywa. Wengine wakasema tutarudishwa nyumbani. Wengine wakasema tutang'oa visiki mpaka Krismasi. Tukakubaliana kwamba akija, kila mtu aseme "nafuu kidogo." Na kwa kweli hakuna aliyeona kwamba anadanganya, maana ndivyo ilivyokuwa. Nafuu kidogo.

Leo asubuhi amekuja.

Alituita mmoja mmoja kwenye baraza la zahanati. Ilipofika zamu yangu nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu," akanitazama usoni zaidi ya wengine, nadhani kwa sababu mwezi wa kwanza nilimweleza habari za ukoko kwa sauti ya kunong'ona na alikuwa amefurahi.

"Na mwezi huu?"

"Nafuu kidogo."

"Kidogo tu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akashusha pumzi.

Baadaye akatukusanya bwaloni. Alikaa juu ya meza, miguu ikining'inia, viatu vimejaa vumbi. Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi kama angekuwa na hasira.

"Wanangu, nataka niwaambie ukweli maana mmenisaidia," akasema. "Mwezi wa kwanza nilitoka hapa nikiimba. Wengine walikuwa wamepona kabisa. Nikasema, tumepata. Mwezi huu wote mnasema neno moja. Aliyepona mwezi ule na aliyelia, wote nafuu kidogo. Inawezekana mwezi ule niliona kile nilichotaka kuona. Fedha za kigeni ni za shida, dawa zinazohitajika ni nyingi. Siwezi kwenda kuomba hospitali iagize dawa ambayo haizidi unga. Nitawaambia waiache."

Akatabasamu, akaongeza, "Msisikitike. Hata kujua kwamba kitu hakisaidii ni kujua."

Holo, aliyekaa kushoto kwangu, akaanza kuchuna ngozi ya kidole. Nilimtazama Kabula. Kabula alikuwa anatazama dirisha kama vile kuna ndege inatua.

Niliwaza haraka, na nitaandika nilivyowaza hata kama si vizuri. Sikuwaza taifa. Niliwaza Jumanne ile ya mwezi wa saba, nilivyojinyoosha katikati ya njia ya shamba. Ilikuwa kweli. Mimi nilikuwepo. Sasa mtu mwema amekaa juu ya meza anasema haikuwepo, atapanda Landrova, atalisema hilo Mwanza, na Jumanne ile itafutwa kwangu na kwa kila msichana atakayejikunja kwenye pamba baada yangu. Watabaki kuambiwa wazae.

Nikanyosha mkono.

Nikashangaa kuuona juu.

"Ndiyo, mwanangu."

Nilisimama na maneno yakatoka kwa Kiingereza. Sikupanga. Kwenye somo la baiolojia nimejifunza kutaja kila kitu kilichomo tumboni mwa mwanamke kwa Kiingereza, na natamka bila kutetemeka, kwa sababu kwa Kiingereza si tumbo langu, ni tumbo la ukurasani. Kwa hiyo nilianza kumweleza Daktari kwa lugha hiyo kwamba matokeo ya mwezi wa pili hayako sahihi kwa sababu sampuli zilichanganywa. Nilisema kama kitabu. Wenzangu wakageuka kunitazama. Kabula akaacha dirisha.

Daktari akanisikiliza, kisha akasema polepole, "Niambie kwa Kiswahili. Zilichanganywa vipi?"

Kiswahili kilikuwa kigumu. Kwa Kiswahili kulikuwa na sakafu yetu, na Holo, na Jumapili.

"Tulivimwaga kwenye beseni," nikasema. "Vyote. Tukagawana. Kwa sababu mwezi wa kwanza wengine tulipona na wengine hawakupona, na sisi huwa tunagawana."

Jikoni wapishi walikuwa wanagombana.

"Beseni gani?" Daktari akauliza.

Kabula akasimama. Nilidhani amekuja kunimaliza.

"La karanga, Daktari," akasema. "Lakini tulilisuuza."

Daktari alimtazama Kabula, akanitazama mimi, akafunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kutikisika. Tulidhani analia. Alipoondoa mikono tuliona machozi kweli, lakini alikuwa anacheka, anacheka mpaka anashika ukingo wa meza.

"Niliwaambia msiwape watu wa nje," akasema alipoweza.

"Hawakuwa wa nje, Daktari," akajibu Kabula.

"Hawakuwa wa nje. Ni kweli." Akajifuta macho kwa kiganja. "Nimefanya kazi hii na watu wazima, kila mtu na nyumba yake, kila mtu na kabati lake. Sikuuliza ninyi mnaishije. Hilo kosa ni langu, si lenu."

Hakuna aliyeng'oa kisiki. Mkuu wa shule, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitaka kusema jambo, Daktari akamwomba amwachie.

Akaeleza kwamba mwezi wa pili wote unatupwa, hauhesabiki, na kwamba tukikubali tunaanza upya. Safari hii kwa namna nyingine. Kila msichana atapata pakiti mbili kwa miezi miwili. Moja ya dawa, moja ya unga. Pakiti amekuja nazo, zina alama mpya mbili, na alama ipi ni dawa mfamasia ndiye anayejua. Kwa hiyo hakuna atakayekosa kabisa, na kila mmoja atajilinganisha na nafsi yake. Pakiti zitakaa kabatini kwa Mama Matroni, na hata karanga hazitaingia kwenye kabati hilo. Maumivu yakizidi, mtu anaruhusiwa kuacha na kupewa aspirini, kaja nazo.

"Lakini elewa," akasema, na hapo alikuwa ananitazama mimi, "kila atakayekubali ana mwezi mmoja wa kulia. Sitamlaumu atakayesema basi."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Nimenyosha mkono kuitetea Jumanne yangu, na malipo yake ni mwezi mmoja wa unga, labda huu. Ningekuwa mwongo nikisema sikujuta. Nilijuta kwa muda wa kumeza mate.

Holo alinyosha mkono wa kwanza. Holo, ambaye hajapata bado hata mwezi mmoja mzuri. Wengine wakafuata. Wawili walisema wamechoka, na Daktari akawashukuru sawasawa na wengine. Mimi nilinyosha pia. Mara ya pili mkono unakuwa mwepesi.

Tulipotoka nje nilitembea karibu na ukuta nikitegemea Kabula asinione. Aliniona.

"Kumbe una sauti," akasema. "Tulidhani mdomo ulipewa kwa ajili ya michembe tu."

Niliongeza mwendo.

"Na Kiingereza chote kile. Sampuli. Mimi nikawa sampuli."

"Nisamehe, Dada Kabula."

"Nikusamehe nini? Ungeniambia kwanza, ningesema mimi. Ningesema vizuri zaidi." Akatangulia hatua chache, akageuka. "Lakini ukianza na unga usiniite nikusafishie ndoo. Utalia mwenyewe kwa ajili ya Tanzania nzima."

Wenzake wakacheka, na tangu saa hiyo jina langu ni Tanzania Nzima. Naona litadumu mpaka nimalize shule. Si baya kuliko Panya.

Sasa nimefika kwenye saa hii.

Tumbo limeanza kuvuta tangu alasiri. Nilikwenda kwa Mama Matroni, akafungua kabati kwa ufunguo alioufunga kwenye pindo la kanga, akanipa kidonge cha kwanza cha pakiti yangu, akasimama kuhakikisha nimemeza. Cheupe. Nilikiweka ulimini nikijaribu kuonja kama ni unga. Hakina ladha. Mfamasia wa Mwanza hajui hata kwamba mimi nipo, na anajua kilichomo tumboni mwangu kuliko mimi.

Nikarudi kulala. Punde Kabula akaja na chupa ya soda ya maji ya moto, imezungushiwa kanga, akaniwekea tumboni bila kusema neno, kisha akasema neno.

"Hii haimo kwenye utafiti. Usimwambie."

Nitamwambia. Anajua kwamba nitamwambia. Akaondoka akitikisa kichwa.

Holo amelala kifudifudi kitandani kwake ananitazama ninavyoandika. Siku zake hazijafika bado. Ameshaniuliza mara kadhaa kama kimeanza kufanya kazi.

"Bado sijui."

"Unaonaje lakini?"

"Naona bado sijui."

Ningepewa nafasi ya kuchagua nani aanze na dawa, mimi au yeye, ningesema yeye. Ningesema kwa mdomo. Ndani yangu natamani iwe mimi. Nimelitazama jambo hilo kwa muda na sioni namna ya kuliandika vizuri zaidi, kwa hiyo liwe hivyo. Mwezi ujao itageuka, na mmoja wetu atamshikia mwenzake ndoo, na tutajua kwa nini.

Kiuno kinavuta, kinaachia. Nimeacha kalamu kidogo nikasubiri kivute tena. Jua limeshuka mpaka kwenye neti za vitanda vya ng'ambo na kuna mtu anaimba bafuni vibaya. Nasubiri. Sina hofu kama ile ya zamani, ya kusubiri kofi. Kuna watu wanne au watano leo wanaotaka kujua tumbo langu linasemaje, na mmoja wao ni daktari. Mwaka jana hakuwepo hata mmoja.

Kengele ya chakula imelia. Nimeteremsha miguu, nimesimama, nimejinyoosha mpaka mwisho, na nimesimama hivyo nikihesabu kimoyomoyo kama litarudi. Linauma, lakini kwa mbali, kama kelele za nyumba ya pili.

Dawa? Au ni ile nafuu aliyoisema Daktari, ya mtu aliyesikilizwa?

Sijui. Holo amenishika mkono, anasema twende kabla ukoko haujaisha.